Tab Mara Mbili

Kipanya cha kompyuta ya Bi Vidole kilikaa ndani ya droo, kimezungushiwa waya wake mara tatu, pamoja na pini, mhuri mbovu na kijiko cha chai. Mgeni akimwuliza mbona hakitumii, alijibu kwamba kipanya ni cha watu wenye muda wa kupoteza. Yeye alikuwa na vidole kumi na vyote vilikuwa na kazi.

Jina la Bi Vidole alipewa na watu wa stoo. Mimi waliniita Bi Mdomo, na sitajifanya sijui kwa nini. Kwa miaka kumi na minne tulikaa sisi wawili katika chumba kimoja juu ya bohari ya vipuri vya mashine za shamba, meza zimetazamana, feni moja katikati, na dirisha ambalo halikuwahi kufunga sawasawa. Chini yetu kulikuwa na rafu za beringi, mikanda, filta, gaskiti na boliti. Kila kipuri kilikuwa na kadi yake kwenye kompyuta. Tuliziita kadi kwa sababu zamani zilikuwa kadi kweli, za karatasi ngumu, na jina likabaki hata karatasi zilipotupwa. Bi Vidole ndiye aliyetunza hizo kadi. Mimi nilishughulikia hati za mzigo unaotoka.

Sijaona mtu mwingine aliyeiendesha programu ile kama yeye. F2, namba ya kipuri, Enter, kadi imefunguka. F3, kadi imekubali kubadilishwa na alama imesimama kwenye sehemu ya rafu. Anaandika rafu, Tab, anaandika idadi, Tab, anaandika kiwango cha chini, F10, imehifadhiwa. Page Down, kadi nyingine. Mimi na kipanya changu ningali natafuta pa kubofya, yeye keshamaliza kadi tano na kapiga funda la chai. Mikono yake hakuitazama hata kidogo. Kwamba na skrini alikuwa haitazami, hilo nilichelewa kulijua, na mimi ndiye niliyekaa mbele yake siku zote hizo.

Ufundi huo aliupata kwenye taipureta. Alijifunza kupiga chapa akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cha meza, na anayechungulia anapigwa rula. Kompyuta zilipoletwa kazini, wenzake waliogopa. Yeye aliomba kijitabu cha maelekezo, akachukua kipande cha boksi, akaandika humo kila kitufe na kazi yake kwa kalamu nyekundu, akakibandika ubavuni mwa meza. Nusu ya watu waliopita katika jengo lile walijifunza kutoka kwenye boksi hilo. Mimi nilijifunza vitufe viwili, nikarudi kwenye kipanya. Aliniambia kichwa changu kizuri ila kinaishia kwenye meno.

Kitu alichokiogopa kazini kilikuwa saa ya ukutani. Nieleze. Kabla ya meneja tuliyenaye alikuwapo mwingine, na siku hizo bohari ilikuwa na karani wa mizani, mzee mpole aliyepima kila kilichoingia na kutoka. Macho yake yalipoanza kufifia alisema mwenyewe, kiungwana, kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kusoma namba. Mwezi haukuisha. Walimwandalia chai ya kumuaga hapo chini kati ya rafu, zikasomwa hotuba mbili, akakabidhiwa zawadi, nayo ilikuwa saa kubwa ya ukutani. Mtu unamwondoa kwa kuwa haoni, halafu unampa saa aitazame. Bi Vidole alipiga makofi kama sisi wengine. Tukiwa tunapanda ngazi akaniambia siku yake ikifika wasimpe saa. Nilicheka, nikidhani ni utani wake wa kawaida.

Dalili zilikuwepo, na mimi nilizifanyia mzaha. Alimtaka mkuu wa stoo aandike orodha zake kwa kalamu nene nyeusi, akidai mwandiko wa yule bwana ni wa kuku aliyekanyaga wino. Akaleta taa ya mezani kutoka kwake, kali ajabu, akawa anaiinamia karatasi mpaka nikamwuliza kama anaisoma au anainusa. Ngazi alizipanda akihesabu chini kwa chini. Siku moja aliingia akalisalimia koti langu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, akaliuliza na habari za nyumbani. Hadithi hiyo niliitembeza jengo zima kwa wiki nzima. Naye alicheka pamoja nasi, tena kwa sauti.

Meneja mpya alipokuja, kijana kidogo, mstaarabu, msomi wa mambo ya kisasa, alitangaza kwamba programu sasa ina vitufe vya rangi vya kubofya, na kwamba angependa sote tuhamie huko. Bi Vidole alimkatalia kwa heshima, akamkatalia tena, mara ya tatu akamwambia siku kipanya kitakapomshinda kwa mbio ndiyo siku atakayokitoa kwenye droo. Walishindana kweli, kadi ishirini kila mmoja, mbele ya watu. Meneja alipofika ya saba Bi Vidole alikuwa amesimama anachemsha maji. Habari ya vitufe vya rangi ikafa hapo. Sasa najua kwamba alikuwa anapigania unga wake, kwa sababu kipanya kinataka macho, na vidole havitaki.

Mkasa wenyewe ulianza kwa kikombe. Jumatatu moja, akipita na chai, aliweka kikombe pembeni mwa meza yangu badala ya juu yake, na chai yote ikamwagikia hati ambazo nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kuzipanga. Nami nilikuwa nimeamka vibaya siku hiyo. Nilimwambia, mbele ya madereva wawili waliokuja kusaini, "Kwani huoni?" Alichukua kitambaa akapangusa, hakujibu. Mimi mtu asiponijibu ndipo nazidi kupanda. Nikasema na mengine. Tukaondoka jioni bila kuagana.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa bado tumenuniana, skrini zote mbili ziliwaka na tangazo. Fomu ya kadi imeboreshwa, sehemu mpya imeongezwa, tafadhali soma, bonyeza Enter kuendelea. Mimi husoma kwa sauti. Nasoma kwa sauti vibao vya barabarani, nasoma pakiti ya majani ya chai. Siku nyingine yoyote ningelisoma tangazo lile lote na kulitukana juu yake. Siku ile nililisoma kimoyomoyo, nikaufunga mdomo makusudi, ili mwenzangu ajue kwamba nimenuna kwelikweli. Nikasikia kitufe chake cha Enter kikilia upande wa pili.

Ilikuwa siku ya kazi nyingi. Stoo walikuwa wamepanga rafu upya na kuhesabu kila kitu, na mkuu wa stoo alileta orodha ya vipuri mia tatu na kumi na nane, vyote vikiwa na namba mpya za rafu na idadi mpya, na kiwango cha chini kilekile cha zamani. Kiwango cha chini ndicho kinachoendesha bohari. Idadi ya kipuri ikishuka mpaka hapo, programu inakiweka yenyewe kwenye oda ya Ijumaa, oda inakwenda kwa meneja aikubali, kisha kwa wanaotuletea mzigo. Bi Vidole aliwasha taa yake, akaiinamia orodha, akaanza. Mchana wa Jumatano alikuwa amezimaliza zote. Nilisikia vitufe vyake siku mbili mfululizo, ta-ta-ta, na kwa kuwa hatukuwa tunaongea, niliwahi hata kuhesabu mapigo. Baada ya rafu, Tab moja, idadi. Tab moja, kiwango. F10. Palepale kama siku zote.

Tulipatana Alhamisi. Yeye ndiye aliyeanza, akaniletea ndizi mbivu, nami nikaila, yakaisha. Tangazo lile nilikuwa nimekwisha kulisahau.

Jumatano ya wiki iliyofuata mkuu wa stoo alipanda ngazi akihema. Ni mtu mnene, ngazi hazipandi kwa raha, kwa hiyo tukajua kuna jambo.

"Mama zangu, nani kaagiza gaskiti?" alisema. "Ninazo mia nne, na hapo nje kuna lori lina nyingine mia nne. Lina beringi. Lina mikanda ya feni ya kuwatosha wajukuu zangu. Nitaiweka kichwani?"

Bi Vidole akasema labda wamekosea huko walikotoa. Mimi nikafungua kadi ya gaskiti kwenye mashine yangu. Kompyuta ilisema tuna gaskiti ishirini, na kiwango cha chini ni ishirini. Nikatazama juu kidogo. Gaskiti ile ya raba, ambayo unaweza kuipeperusha kwa pumzi, ilikuwa imeandikwa uzito wa kilo mia nne. Nikacheka. Nikafungua ya beringi, inayoenea kiganjani: kilo mia mbili arobaini. Nikafungua ya tatu, na kicheko kikanikauka. Nikabonyeza F12, kitufe kinachoonyesha nani aliigusa kadi na lini. Namba ya Bi Vidole, Jumanne. Namba ya Bi Vidole, Jumanne. Namba ya Bi Vidole, Jumatano.

Hapo likanijia lile tangazo. Kati ya rafu na idadi walikuwa wameingiza sehemu mpya ya uzito. Mtu anayeitazama skrini angeliiona mara moja, angebonyeza Tab mara mbili na kuiruka. Vidole vya mwenzangu vilibonyeza mara moja, kama vilivyozoea. Idadi ikakaa kwenye uzito, kiwango cha chini kikakaa kwenye idadi, sehemu ya kiwango ikabaki na namba yake ileile ya zamani, na programu, ikiona idadi imelingana na kiwango, ikaagiza. Mara mia tatu na kumi na nane.

Kosa la kadi moja ni kuteleza, na hata kadi kumi ningeita uchovu. Lakini kadi mia tatu na kumi na nane?

Nilisubiri mkuu wa stoo ashuke. Nikaenda upande wake, nikafungua kadi ya gaskiti kwenye mashine yake mwenyewe, nikasimama nyuma ya kiti.

"Nisomee sehemu ya tano," nilimwambia.

"Una nini leo?"

"Nisomee tu, dada."

Alinyoosha mgongo, akaielekeza sura kwenye skrini, akasoma bila haraka. "Namba. Jina. Mashine. Rafu. Idadi." Akageuka. "Ya tano ni idadi, mdogo wangu. Miaka yote ya tano ni idadi."

Mbele ya uso wake paliandikwa Uzito, kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka mlangoni.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Sikusema kitu kwa muda, na nadhani ukimya wangu ndio uliomwambia, maana hakuuzoea. Aliweka mikono mapajani. Nikamwuliza tangu lini. Akasema miaka minne. Ilianza kama moshi, moshi ukawa ukungu. Karatasi bado aliiweza chini ya taa kali, maandishi yakiwa mazito. Skrini aliiona kama dirisha jeupe tu. Nyumbani alimimina chai akiwa ametumbukiza ncha ya kidole kikombeni. Mumewe alijua, kwa kuwa mtu huwezi kumficha anayelala ubavuni kwako, naye Bi Vidole alimwapisha asiseme.

"Na daktari?" niliuliza.

"Daktari wa nini? Kwetu tunapofuka. Mama alipofuka, na bibi alipofuka. Niliwashika mkono wote wawili kuwapeleka chooni. Najua ninakokwenda."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, miaka minne mtu anakaa mbele yangu na anaficha kitu kama kile. Nikajikasirikia mimi zaidi, mwenye macho mawili mazima, niliyelicheka koti. Wahenga wana methali yao juu ya wanaoficha maradhi, na sikuitaja, kwa sababu kila mtu anaijua na haijamponya yeyote. Nilimwambia hivi: tunazisahihisha kadi wenyewe, kimyakimya, na meneja akiuliza tunasema ni programu. Programu haina mume wala watoto, haitaumia. Simu ikalia, meneja anatuita wote wawili.

Ofisi ya meneja ilikuwa na meza ya kioo na viti viwili vya wageni. Bi Vidole alikipapasa chake kwa goti kabla ya kukaa, na kwa mara ya kwanza niliona akifanya hivyo. Meneja alikuwa ameishika orodha ya oda. Hakupandisha sauti, yeye si mtu wa hivyo, akauliza tu nani anaweza kumweleza. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimefika kwenye neno "programu" mwenzangu akanigusa mkono.

"Ni mimi," alisema. "Nimeandika idadi mahali pa uzito, kadi zote. Sikuliona tangazo. Meneja, mimi sioni."

Chini tulisikia lori likirudi nyuma, na mkuu wa stoo akimfokea dereva.

Meneja akauliza, taratibu, kwa nini hakusema. Akajibu kwamba angesema angepewa saa. Yule kijana hakuelewa, saa gani tena, basi nikamweleza habari za karani wa mizani, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nilimwambia tangazo lile nililisoma mimi, neno kwa neno, nikalinyamazia kwa sababu ya kikombe cha chai. Kisha nikamgeukia meneja mwenyewe, na mpaka leo sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

"Na hiyo oda uliyoishika, meneja, ina mistari zaidi ya mia tatu. Nani aliikubali Ijumaa?"

Aliitazama ile karatasi. Kuna kitufe cha rangi ya kijani kwenye skrini yake, kimeandikwa Kubali Zote. Ukweli ni kwamba alikibofya. Alikaa akiipinda pembe ya karatasi, akaipinda tena, na mwisho akasema kwamba hilo ni kweli.

Hakumfukuza. Wala hakusema atabaki, na sitaki kumpamba. Alisema mzigo urudi na lori, na kwamba wanaotengeneza programu wanaweza kutuma mtu wiki ijayo, lakini oda nyingine inaondoka Ijumaa, keshokutwa, na kadi lazima ziwe sawa kabla ya hapo. Akasema Bi Vidole ataonana na daktari wa macho na kuleta barua. Barua ikisema macho hayatafaa, itabidi wazungumze. Alilisema hilo neno, wazungumze, huku akitazama mezani. Tulijua maana yake.

Kadi hazikuwa za kuhamisha namba tu. Kwa siku zile nane vitu vilikuwa vimetoka, kwa hiyo kila idadi ilitakiwa ipunguzwe kilichotoka. Niliisogeza meza yangu ikagusana na yake. Nikakaa bega kwa bega naye, nikasoma. Uzito mia tatu. Zilizotoka thelathini na tano. Yeye anapiga hesabu kichwani, F3, Tab, anafuta uzito, Tab, mia mbili sitini na tano, F10, Page Down. Mimi nasoma inayofuata. Mwanzoni tuligombana, nilikuwa nasoma na maoni yangu juu yake, akaniambia anataka namba, hataki hotuba. Baada ya kadi thelathini hivi tukaelewana. Mkuu wa stoo alipanda kutuletea maji, akasimama pale mlangoni, akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia anyamaze, tuko kwenye boliti.

Alhamisi alasiri meneja alikuja akasimama nyuma yetu. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha. Tuliendelea, naye akakaa pale kadi nyingi. Ijumaa saa nne asubuhi tulimaliza ya mwisho, na oda ya Ijumaa hiyo ilikuwa na mistari tisa. Meneja aliisoma yote, mstari kwa mstari, kisha ndiyo akaikubali.

Kuzirudisha kadi kulikuwa rahisi. Kumpeleka Bi Vidole hospitali, hapo ndipo maji yalipozidi unga. Jumatatu alisema ana mafua, Jumanne ikawa mguu. Jumatano nilimfuata kwake. Mumewe, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno matatu kwa siku, alinifungulia mlango akiwa na ufunguo mkononi. Nikamwambia nimekuja kumchukua mkewe. Akasema alikuwa anamsubiri mtu kama mimi kwa miaka minne, na kwa kiwango chake hiyo ilikuwa hotuba. Ndani, Bi Vidole alikuwa amekaa amejikunja kwenye kochi, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake kazini. Alikuwa anaogopa kama mtoto. Aliniambia kwamba akiwa hajaenda, bado ana nusu ya matumaini. Akishaenda, daktari atalitamka, na likitamkwa ndiyo basi. Mumewe alimshika mkono wa kushoto, mimi wa kulia, tukaondoka.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono baridi. Alimmulika jicho moja, akalimulika la pili, akamwuliza maswali machache, akazima taa yake. Akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, umekomaa. Unaondolewa. Jicho moja kwanza, la pili baada ya miezi michache, kila moja halichukui hata saa.

Bi Vidole akauliza kuhusu mama yake na bibi yake. Daktari akasema hawezi kujua bila kuwaona, lakini alipoelezwa walivyoanza, moshi, kisha ukungu, alisema inawezekana kabisa nao ulikuwa huohuo.

Mwenzangu hakufurahi, ingawa mtu angetegemea afurahi. Alilia pale kwenye kiti cha kuzunguka, alimlilia mama yake, miaka kumi na moja ya kushikwa mkono kwa kitu cha kuondolewa kwa chini ya saa moja. Mumewe alitoa leso iliyokuwa na madoa ya grisi. Nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Daktari aliandika barua. Niliisoma kwa sauti tukiwa njiani, mara mbili, kwa sababu aliniomba.

Alifanyiwa jicho la kulia. Kwa wiki tatu nilikaa chumbani peke yangu na kadi zake, na nilitumia vitufe, sio kipanya, nikilifuata lile boksi lenye wino mwekundu ambao ulikuwa umefifia nusu. Nilikuwa mzito. Watu wa stoo walilalamika. Nilipofika kwenye kadi nilijisemea kwa sauti, Tab, Tab, kama mwendawazimu.

Alirudi Jumatatu. Nilizisikia ngazi, na sikumsikia akihesabu. Aliingia akasimama mlangoni, amevaa miwani nyeusi, akaivua. Koti langu lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Alilitazama, akalipita. Akaja mpaka mezani kwangu, akanisogelea, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, paji la uso, mashavu, nywele.

"Mdogo wangu," alisema, "umezeeka lini?"

"Ulikuwa hupo," nilimjibu.

Akanishika shavu kwa kile kiganja chake chenye vidole vigumu, kisha akaenda kukaa. Akawasha mashine. Taa ya mezani hakuiwasha. F2, namba, Enter, na kadi ikafunguka, nadhani ilikuwa ya gaskiti. Aliacha mikono mapajani, akasogeza kiti mbele, akaanza kusoma kuanzia juu, polepole, akilifuata kila neno kwa kidole juu ya kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Namba. Jina. Mashine. Rafu.

Pale pa tano alisimama.

"Uzito," alisoma.

Akakaa akilitazama neno lile. Kisha akachukua kalamu nyekundu kwenye droo, akainama ubavuni mwa meza, akaandika chini kabisa ya boksi: baada ya rafu, Tab mara mbili. Akanyoosha mgongo, akauliza orodha ya leo iko wapi.